Aliyekula ndiye aliyeua? Uzi wa alama za meno kwenye mifupa ya dinosaria

MtotoWaLindi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwa wote.

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshapitiwa na mashine. Kwenye runinga ya ukutani dinosaria mla nyama alikuwa anamparamia mla majani mkubwa kama mabasi mawili yaliyounganishwa. Jamaa mmoja kwenye benchi akauliza, "Hawa wanaotuonyesha haya, walikuwepo?" Kinyozi akacheka, benchi zima likacheka, nikafungua mdomo nijibu, umeme ukakatika. Ubishi ukahamia kwenye umeme. Mimi nikarudi nyumbani nimevaa kofia.

Jibu langu nalimwaga hapa, maana pale halikupata nafasi.

Hakuna mtu aliyekuwepo, hilo silibishii. Dinosaria wa mwisho walitoweka miaka kama milioni 66 iliyopita, na hawa wetu wa Tendaguru, kile kilima cha huku Lindi walikochimbwa, ni wa miaka kama milioni 150. Ila mfupa ulikuwepo. Mfupa ukikwaruzwa na jino, ukafukiwa na tope kabla haujaoza, mkwaruzo nao unageuka jiwe pamoja na mfupa wenyewe.

Nianze na New York. Mwaka 1908 jumba la makumbusho la American Museum of Natural History liliwaonyesha watu mifupa ya Allosaurus akiwa ameinama juu ya mzoga wa mla majani aliyeitwa wakati ule Brontosaurus. Hawakujitungia tu. Pingili za mkia wa huyo mla majani, zilizochimbwa Wyoming, zilikuwa na mikwaruzo na sehemu zilizong'ofolewa, na karibu yake yaliokotwa meno ya Allosaurus yaliyovunjika. William Diller Matthew, mtaalamu wa jumba lile, alilinganisha mikwaruzo na taya la Allosaurus, vikaingiana.

Cha pili kinanifurahisha zaidi. Montana, huko huko Marekani, ilipatikana nyonga ya Triceratops, yule mwenye pembe tatu na ngao shingoni. Gregory Erickson na Kenneth Olson waliiandika mwaka 1996, wakahesabu alama za meno zisizopungua 58. Tundu mojawapo lina kina cha zaidi ya sentimita moja ndani ya mfupa. Sasa sikilizeni walichofanya. Walijaza matundu kwa ule utomvu mzito ambao daktari wa meno anakung'atisha ili achukue umbo la taya lako. Ulipokauka wakauchomoa, na mkononi wakabaki na ncha ya jino la Tyrannosaurus rex. Jino lenyewe halipo miaka milioni 66, lakini shimo lake limelitunza.

Mla majani wa tani kadhaa kaumwa, kaliwa, na aliyemuua tunamjua. Jamaa wa benchi, kesi imekwisha.

Karibuni.

Kiroboto

Nimetandika mkeka, naomba mtu alete kahawa.

Dereva wa Mbugani

Mkuu, uzi mzuri ila umeruka hatua. Ulivyotaja vyote vinasema alikula. Hakuna kinachosema aliua.

Nimeendesha watalii miaka kumi na minne. Kuna mara moja tulikuta twiga amelala kando ya korongo, fisi wanane, wawili wameingia ndani ya mbavu kabisa unaona mikia tu. Mgeni wangu akatoa daftari lake akaandika kwamba fisi wameua twiga. Nikamwambia, mama, usiandike bado. Twiga yule yule nilimwona jana yake alfajiri na wageni wengine, simba wanne wako juu yake, na fisi wamekaa mbali wanameza mate.

Ungekuja wiki mbili baadaye ukasoma mifupa peke yake, alama karibu zote ni za fisi, kwa sababu fisi ndiye mwenye taya la kuvunja mfupa. Simba anakula nyama na matumbo, paja la twiga likibaki mfupa mtupu hana shida nalo. Kwa hiyo muuaji ameacha alama chache, mla mabaki ameacha nyingi. Huyo Triceratops wako huenda alikufa kwa kiu au kwa uzee, T. rex akapita zake akakuta meza imeshaandaliwa.

Kiroboto

Dereva kamshika mleta uzi pabaya. Sogezeni mkeka.

Daktari wa Ng'ombe

Namuunga mkono Dereva, na niongeze la kazini kwangu. Mimi ni afisa mifugo. Mfugaji akija anasema simba kaniulia dume, siangalii meno kwanza. Nachuna ngozi ya shingo na koo. Nikikuta damu imevilia chini ya ngozi kuzunguka matundu, najua aliumwa moyo ukiwa bado unapiga. Nikikuta matundu makavu, nyama haijabadilika rangi, yule dume alikufa kwanza, aliyemtoboa alikuja baadaye. Maiti haivilii damu.

Swali kwa mleta uzi: kwenye jiwe utaiona wapi damu iliyovilia?

MtotoWaLindi

Daktari, Dereva, mmenikamata. Pale mwisho niliandika kwa mbwembwe. Nyonga ile ya Triceratops haionyeshi kupona hata kidogo, na walioiandika wenyewe waliona ni alama za kula.

Lakini swali lako Daktari lina jibu, tena zuri. Ngozi haipo, damu haipo. Kilichopo ni mfupa unaopona. Mfupa ukijeruhiwa kwa kiumbe hai, unaanza kujiziba: kingo zinalainika, mfupa mpya unaota juu ya jeraha, wakati mwingine unafura kwa usaha. Kwa aliyekufa hakuna hayo, kingo za tundu zinabaki kali kama zilivyotoka mdomoni. Kwa hiyo jeraha lililopona maana yake mnyama aliumwa akiwa hai NA alitoroka akaishi baada ya hapo.

Na mifano ipo. Mwaka 2013 Robert DePalma na wenzake walieleza pingili mbili za mkia wa dinosaria wa jamii ya midomo ya bata, kutoka South Dakota. Kati ya pingili hizo mbili limenasa jino. Limezungukwa na mfupa mpya ambao umekua hadi pingili mbili zikaungana kuwa kitu kimoja. Walipochunguza jino wakakuta ni la Tyrannosaurus rex. Hebu pateni picha. Mla majani anakimbia, anaumwa mkiani kwa nyuma, anachomoka, jino linabakia humo, na anaendelea kula majani na jino la adui likiwa ndani ya mkia wake muda wa kutosha mfupa kulifunika.

Pale Denver wana Edmontosaurus, jamii hiyo hiyo ya midomo ya bata, ambaye ncha za juu za mifupa ya mkia zimeng'olewa na kupona. Kenneth Carpenter aliandika habari zake mwaka 1998. Na kuna fuvu la Triceratops lenye pembe iliyovunjwa na alama za meno, mfupa wake umepona.

Kwa hiyo Dereva, fisi hang'ati mkia wa nyumbu aliyekufa halafu nyumbu akapona. Huyu alishambuliwa akiwa hai.

Dereva wa Mbugani

Hapo sawa, nimekubali. Ila ona inavyochekesha: ushahidi bora wa uwindaji ni ule uwindaji ulioshindikana. Aliyefanikiwa kuua hakuacha ushahidi wa kuua, maana mzoga haukupata nafasi ya kupona.

Daktari wa Ng'ombe

Ndivyo hivyo hata kwetu. Ng'ombe mwenye kovu la simba ni yule aliyerudi zizini.

Bucha la Kona

Wakuu mimi ni mtu wa kisu na gogo, elimu ya mawe sina. Nataka kujua jambo moja. Nyonga ya ng'ombe naijua, ukiikosea kiungo hata shoka linarudi juu linakutafuta paji la uso. Huyo T. rex alitoboa nyonga ya mnyama wa tani kadhaa kwa JINO? Nguvu kiasi gani?

MtotoWaLindi

Bucha, umeniuliza swali ambalo wenzako waliwahi kulijibu kwa nyonga ya ng'ombe, wallahi.

Erickson na wenzake, mwaka huo huo 1996, walitengeneza jino bandia la chuma kwa umbo la jino la T. rex, wakalifunga kwenye mashine ya kugandamiza, wakachukua nyonga mbichi ya ng'ombe, wakaisukuma hadi jino likaingia kina kile kile kilichokutwa kwenye Triceratops. Wakapiga hesabu kulingana na mahali jino lilipokaa mdomoni: kati ya nyutoni 6,410 na 13,400. Hiyo ya juu ni kama kumwekea jino moja mzigo wa kilo 1,300 na ushee. Na hiyo ni nguvu aliyotumia siku ile kwa kula tu, haina maana ndiyo ya mwisho wake. Mwaka 2012 Karl Bates na Peter Falkingham walitengeneza taya lake kwenye kompyuta wakapata nyutoni 35,000 hadi 57,000 kwa jino moja la nyuma.

Bucha la Kona

Basi huyo angeniharibia biashara, mteja hawezi kuchagua sehemu. Na je, alikuwa anajua kukata au anatafuna popote?

Mwalimu wa Zamu

Naomba nimjibu Bucha, hili nimewahi kulisoma na nikawasimulia kidato cha pili wakasahau kula chakula cha mchana.

Mwaka 2012 Denver Fowler na wenzake wa Museum of the Rockies, Montana, walieleza mafuvu kadhaa ya Triceratops yenye alama za T. rex. Alama nyingi ziko kwenye ile ngao ya shingoni, tena ni za kutoboa na kuvuta. Pale kwenye ngao hakuna nyama ya maana, ni mfupa na ngozi. Sasa kwa nini ang'ate mahali hapana nyama? Wakaangalia kifundo cha nyuma ya fuvu, kile kinachozunguka kwenye shingo, wakakuta nacho kina alama za meno. Kifundo kile hakifikiki kichwa kikiwa kimeungana na shingo. Kwa hiyo walichoona wao: alishika ngao kama mpini, akavuta mpaka kichwa kikang'oka, akafikia minofu minono ya shingo.

Kwa hiyo Bucha, alikuwa na utaratibu.

Bucha la Kona

Nyama ya shingo! Huyo ni mwenzetu. Wateja wanadharau shingo, mwenye kujua supu anaagiza mapema.

Sindano Butu

Mnaamini kila kitu mnachoambiwa. Mawe haya ya wazungu, mashimo ya wazungu, hadithi za wazungu. Huwezi kuniambia mfupa wa miaka milioni sijui ngapi una alama ya jino. Labda ni wadudu, labda ni sururu ya mchimbaji.

MtotoWaLindi

Sindano, nusu ya kwanza siipendi, nusu ya pili ni swali la halali na wataalamu wanajiuliza kila siku. Mizizi ya mimea inachora mfupa. Wadudu wanatoboa. Wanyama wengine wanakanyaga mfupa juu ya mchanga wenye changarawe unapata mikwaruzo. Sururu ya mchimbaji nayo inaacha jeraha, ila rangi ya ndani ya jeraha jipya haifanani na ya mfupa uliozeeka pamoja na alama yake.

Jino la mla nyama linajitambulisha kwa namna yake. Meno mengi ya dinosaria wala nyama yana kingo kama kisu cha mkate, vimeno vidogo vidogo vimepangana. Likiburutwa kwa ubavu juu ya mfupa linaacha mistari myembamba sambamba, umbali sawasawa. Unaweza kupima umbali kati ya mstari na mstari, ukalinganisha na meno ya wala nyama waliokuwa wanaishi eneo lile. Mdudu hachori hivyo, mzizi hauchori hivyo.

Na kuhusu "wazungu": Tendaguru kati ya 1909 na 1913 msafara ulikuwa wa Wajerumani, lakini aliyesimamia uchimbaji pale juani na kutengeneza mifupa kwa mikono yake alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mla majani mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwingine mwaka 2019 akaitwa Wamweracaudia keranjei: Wamwera ni sisi, na Mohammadi Keranje naye alikuwa mchimbaji pale pale. Mifupa ya tani zaidi ya 200 ilibebwa kichwani na mabegani hadi Lindi mjini, mwendo wa siku kama nne kwa miguu. Babu zetu walishika mifupa hiyo kabla ya jumba la makumbusho la Berlin kuiona.

Sindano Butu

Hilo la Boheti sikulijua. Endelea, nasoma.

Nahodha wa Mrima

Hiyo mistari sambamba aliyoisema mleta uzi inanikumbusha Bukini, yaani Madagaska. Majunga, ambayo kwenye ramani siku hizi ni Mahajanga, mabaharia wa pwani yetu waliijua tangu zama za majahazi. Bara kidogo kutoka pale kuna mawe ya miaka kama milioni 70 ambamo alipatikana mla nyama anaitwa Majungasaurus. Jina ni la mji.

Raymond Rogers na wenzake mwaka 2003 walionyesha mifupa yenye alama za meno yake. Wakapima umbali wa jino na jino, wakapima na ile mistari ya kingo za jino. Alama zilikuwa kwenye mifupa ya Rapetosaurus, mla majani wa shingo ndefu. Hilo mlitarajia. Kilichowashtua watu ni kwamba alama hizo hizo zilikuwa pia kwenye mifupa ya Majungasaurus. Alikuwa anakula na wenzake.

Kiroboto

Astaghfirullah. Mkeka nimeukunja.

Dereva wa Mbugani

Fisi hufanya hivyo, mamba hufanya hivyo. Nyama ni nyama.

Mpwani wa Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Mmeng'ang'ana na mifupa, na nyayo je? Kuna ule mto Paluxy, Texas, mahali paitwapo Glen Rose. Mwaka 1938 Roland T. Bird alikuta nyayo za mla majani mkubwa wa shingo ndefu, kila unyayo waweza kuogesha mtoto ndani yake, na kando yake nyayo za vidole vitatu za mla nyama zinafuata. Anapokata kona huyu, na yule anakata kona. Kuna mahali unyayo mmoja wa mla nyama haupo, na Bird aliamini hapo ndipo alipomrukia akabebwa hatua moja hewani. Mwaka 1940 wakakata lile jiwe, kipande kikaenda New York, kingine Austin.

Hapo si uwindaji waziwazi? Anamfuata nyuma nyuma!

MtotoWaLindi

Mpwani, nashukuru, nilisahau nyayo kabisa. Picha ya nyayo zile ukiiona mara ya kwanza moyo unaenda mbio.

Ila baada ya Dereva kunikamata nimekuwa mwoga. Nyayo zinasema walipita njia moja, mmoja baada ya mwenzake, tope likiwa bado bichi. Zilikuwa dakika ngapi kati yao? Tope halina saa. Wapo wanaoona ni ufuatiliaji wa kweli kwa sababu ya zile kona, wapo wanaosema wote walikuwa wanafuata ukingo wa maji kama sisi tunavyofuata kivuli cha ukuta saa saba mchana. Ule unyayo unaokosekana unaweza kuwa haukukaa vizuri kwenye tope. Mimi binafsi zile kona zinanivuta upande wako, lile la kurukia halinivuti.

Mpwani wa Mvita

Haya, nusu yangu naichukua.

Bi Mkubwa wa Chang'ombe

Wanangu mnazunguka sana. Ukitaka kujua mtu kala nini, si unaangalia alichotoa?

Kiroboto

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimetandika tena mkeka.

Mwalimu wa Zamu

Marahaba zote zako Bi Mkubwa, umenena. Shikamoo.

Karen Chin na wenzake mwaka 1998 waliandika habari za kinyesi kilichogeuka jiwe kutoka Saskatchewan, Kanada. Urefu sentimita 44. Ndani yake kati ya theluthi moja hivi na nusu ni vipande vya mfupa vilivyosagika, vya mla majani ambaye hajakomaa. Kwa ukubwa ule na mahali pale, mwenye mali hakuna mwingine wa kumshuku ila T. rex. Maana yake hakuwa anakwepa mifupa, alikuwa anaipasua na kuimeza.

Na kuna Baryonyx wa Uingereza, aliyechimbwa Surrey mwaka 1983. Mahali pa tumbo palikutwa magamba ya samaki na mifupa ya Iguanodon mchanga. Magamba yalikuwa yameliwa na tindikali ya tumbo. Hapo huhitaji hata kulinganisha meno, chakula kimekutwa tumboni.

Bi Mkubwa wa Chang'ombe

Nimesema.

Daktari wa Ng'ombe

Mwalimu, umegusa jambo: "hajakomaa", "mchanga". Naona wala nyama wengi walipenda watoto kama walivyo simba na fisi. Kwa nini upambane na mwenye tani ishirini wakati mtoto wake yupo?

Mwalimu wa Zamu

Kabisa. Mwaka 2010 David Hone na Oliver Rauhut waliandika hivyo hivyo: alama za meno kwenye mifupa ya wakubwa si nyingi kama ambavyo mtu angetegemea, na sababu mojawapo ni kwamba wadogo ndio walikuwa wanaliwa sana. Mtoto anamezwa, habaki wa kuchimbwa.

Rauhut huyo ndiye pia amefanya kazi kubwa juu ya wala nyama wa Tendaguru.

Kiroboto

Hapo hapo. Yule Giraffatitan wetu, mla majani wa shingo ndefu wa Tendaguru aliyesimamishwa Berlin, mita 13 na kitu kwenda juu, nani alimla? Nilisikia Elaphrosaurus.

Mwalimu wa Zamu

Kiroboto, Elaphrosaurus anaonewa. Alipatikana Tendaguru mwaka 1910, mwembamba, miguu ya kukimbia, shingo ndefu, na kichwa hakijapatikana hadi leo. Tunavyomtazama sasa na ndugu zake, hasa Limusaurus wa China ambaye akikua anapoteza meno yote, inaelekea hata nyama hakuwa mlaji mkubwa. Ukimpeleka mbele ya Giraffatitan ni sawa na kumtuma kuku akamkamate tembo.

Washukiwa wa kweli wa Tendaguru tunawajua kwa vipande. Veterupristisaurus, aliyepewa jina na Rauhut mwaka 2011, tunamjua kwa pingili za mkia. Ostafrikasaurus, jina lake ni la Afrika Mashariki kwa Kijerumani, tunamjua kwa jino. Meno ya wala nyama yaliyotawanyika yamepatikana Tendaguru. Wanyama hawa hung'oka meno maisha yao yote na kuota mengine, kwa hiyo jino karibu na mzoga ni kama kijiti cha kuchokolea meno kilichoachwa mezani: mtu alikula hapa.

Cha kushangaza zaidi kwangu ni miguu. Baadhi ya miguu ya wala majani wakubwa ilikutwa Tendaguru imesimama wima kwenye udongo, kama nguzo. Mwili haupo, miguu imebaki pale pale iliponasa kwenye tope. Mnyama aliyenasa hahitaji kuwindwa.

Dereva wa Mbugani

Hiyo naijua! Kiangazi kikikaza, nyati na tembo wananasa kwenye tope la dimbwi linalokauka. Simba hawahangaiki, wanakaa kivulini. Kinacholiwa kwanza ni cha juu, miguu inabaki ndani ya tope.

MtotoWaLindi

Dereva, na kuna kisa kimoja cha Mongolia ambacho kinakubeba wewe moja kwa moja. Saurolophus, mdomo wa bata mkubwa, alipatikana amekamilika karibu mwili wote, mfupa kwa mfupa. Hone na Mahito Watabe waliandika mwaka 2010. Mifupa yote haina alama, isipokuwa mmoja: mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Huo umeng'atwa, umekwaruzwa, umetafunwa na Tarbosaurus, binamu wa T. rex. Mwili ulikuwa umeshafunikwa na mchanga wa mto, mkono ukabaki nje. Akapita, akakuta mkono tu unachungulia, akala alichokiona, akaenda zake.

Hapo hakuna uwindaji kabisa. Ni njaa tu na mkono uliojitokeza.

Na Colorado, mahali paitwapo Mygatt-Moore, Stephanie Drumheller na wenzake mwaka 2020 walipitia mifupa 2,368 na kukuta 684 ina alama za meno, karibu theluthi. Mahali pengi hupati hata sehemu ndogo ya kiasi hicho. Wao wanaona mizoga ilikaa muda mrefu juu ya ardhi bila kufukiwa, Allosaurus wakawa wanarudi na kurudi hadi kwenye vidole vya miguu, na hata mifupa ya Allosaurus wenzao ina alama.

Daktari wa Ng'ombe

Kwenye vidole! Huyo alikuwa na njaa kali.

Bucha la Kona

Au alichelewa foleni.

Mwalimu wa Zamu

Msisahau wala majani nao walikuwa na mkono wao. Kuna pingili ya mkia wa Allosaurus yenye tundu linaloingiana na mwiba wa mkia wa Stegosaurus, na kuna ubamba wa shingoni wa Stegosaurus uliong'atwa kwa umbo la taya la Allosaurus. Carpenter na wenzake, 2005. Kesi ya pande mbili, kila mmoja ana jeraha la mwenzake.

Na kule Gobi mwaka 1971, Wapolandi na Wamongolia walichimba Velociraptor, mla nyama, na Protoceratops, mla majani, wameshikana. Ukucha wa mguu wa huyu uko shingoni kwa yule, mkono wa huyu umo ndani ya mdomo wa yule. Mchanga uliwafunika hapo hapo. Protoceratops si mkubwa, kama kondoo mnene hivi, ila ukitaka shambulio lenyewe, si alama yake, ndilo hilo.

Sindano Butu

Huo ndio ungeanza nao. Nimekubali kiasi.

MtotoWaLindi

Wakuu, mrejesho.

Leo nimerudi kwa kinyozi kumaliza nusu iliyobaki. Nilipitia kwanza kwa Bucha la Kona (ndiyo, bucha lake liko karibu na kwangu, tumegundua kupitia uzi huu), nikaomba mfupa wa mguu wa ng'ombe uliokuwa uani kwake. Nikaufunga kwenye gazeti.

Jamaa wa benchi alikuwepo. Nikampa mfupa bila neno. Akaugeuza, akapitisha kidole kwenye kichwa cha mfupa palipoliwa pakawa kama mahindi ya kuchoma, akauinua kwenye mwanga wa mlango.

"Mbwa huyu," akasema. "Tena si mkubwa. Ona hapa, jino lake moja la mbele limevunjika, anaruka nafasi kila akikwaruza."

Nikamuuliza, "Ulikuwepo?"

Kinyozi alizima mashine kabisa ili acheke vizuri.

Bucha la Kona

Ni Simba huyo, mbwa wangu. Jino alivunja mwaka jana kwenye kwato. Na mfupa wake anaudai.